Besi za Fender: Anzia Kifua, Kichwa Baadaye

Kuna tangazo moja haiishangi kwa magrupu ya wanamuziki Nairobi: "Fender besi, orijino, ex-UK, iko fiti, bei ya kuongea." Picha ni moja tu, imepigwa usiku na simu ya kamera chafu, gita imelazwa juu ya blanketi ya chui. Basi, stori imeisha hapo. Chini yake wasee wamejaa: "bei?" "mwisho ngapi?" "unaeza leta Roysa?" Hakuna hata mmoja anauliza swali yenye ilifaa kuja ya kwanza: ni Fender gani hio?

Juu Fender ni kampuni. Ilianzia Fullerton, California, na tangu 1951 imetoa besi za kila sampuli. Kuna yenye mtoi wa Form Two anaeza nunuliwa na mbuyu yake bila kelele kwa keja, na kuna yenye ukishuka nayo steji ya Odeon saa nne usiku unataka mabeshte wawili kando yako. Zote zimeandikwa jina moja kwa kichwa, ama jina ya mtoi wake, Squier. Na kwa picha ya usiku, manze, zote zinakaa tu sawa.

Hapa ndio wasee wengi wanachezwa. Kila besi ya hii kampuni iko na majina mawili. Ya kwanza ni jina ya umbo: Precision, Jazz, Mustang na wenzao. Hio inakushow itatoa sauti gani na itakaa aje mkononi. Ya pili ni jina ya daraja: Sonic, Affinity, Classic Vibe, Player, American Professional. Hio inakushow ilitoka kiwanda gani na mwenyewe aliachilia doh ngapi. Squier Sonic Precision Bass na American Professional Precision Bass ni umbo moja kabisa. Lakini ya kwanza ikiwa mpya huko majuu inacheza dola 200 na kitu, na ya pili inapita dola 1,500. Broka anapenda sana ukichanganya hayo majina, juu hapo ndio anakulia. Anakushow "hii ni Jazz Bass, mtu wangu" na ile sauti ya mtu anauza dhahabu, na Jazz Bass ziko za hadi mtu wa kuanza.

So sahau kichwa kwanza. Kichwa ni maandishi, na maandishi ni stika yenye mtu anaeza agiza mtandaoni na kubandika jioni moja. Anza na kifua, pale nyuzi zinapita juu ya pikapu. Pikapu ni zile sumaku zimezungushwa waya mwembamba wa kopa. Zinashika mtetemo wa nyuzi na kuugeuza stima yenye inaenda kwa ampu. Kubandika stika ni rahisi. Kugeuza mpango wa pikapu lazima mtu achimbe mbao, na mbao ikichimbwa inaonekana.

Ukiona pikapu moja yenye imekatwa nusu mbili, nusu moja imesukumwa mbele na ingine nyuma, imekaa katikati ya gita, hio ni Precision. Wenyewe wanaitanga P. Ukiona pikapu mbili ndefu, nyembamba, zimenyooka, moja upande wa shingo na ingine karibu na briji, hio ni Jazz, ama J. Ukiona ile ya kukatwa iko pamoja na moja ya kunyooka huko karibu na briji, hio ni PJ. Ukishika hizo tatu tu, ushapita nusu ya wasee wanauza hizi vitu.

Alafu shuka kwa nobu. Precision ya kawaida iko na mbili, ya volumu na ya toni, na zimekaa juu ya ile plastiki ya kifua pamoja na shimo ya kebo. Jazz iko na tatu: kila pikapu na volumu yake, na toni moja ya wote. Na za Jazz hazikai kwa plastiki, zinakaa kwa kabamba ka chuma kanang'aa, shimo ya kebo iko hapo hapo. Hata kwa ile picha ya usiku hako ka chuma kanaonekana. Ukipata nobu nne ama tano, geuza gita nyuma ucheki ka kuna kamlango ka betri. Ka kako, hio ni aktivu: ndani iko na saketi ya kuongeza na kupunguza besi na trebo, na inakula betri ya volti 9. Si mbaya, wasee wa gospo wanazipenda kinoma. Ngori ni moja, betri ikidedi katikati ya ibada nyingi zinanyamaza kabisa, na pasta anakugeukia na ile macho.

Bodi pia inaongea. Kiuno ya Precision iko sawa pande zote mbili. Ya Jazz imepindwa, upande mmoja umeshuka kushinda mwingine, ndio ukikaa chini nayo ilale vizuri kwa paja. Ukizoea hio, unaspot Jazz kwa video ya TikTok kabla hata haijaanza kulia.

Sasa juu gani P iko na pikapu ya kukatwa na J iko na mbili za kunyooka? Lazima turudi kwa mzae mwenyewe. Leo Fender hakuwa anajua kupiga gita. Alikuwa fundi wa redio, na wanamuziki walikuwa wanamletea vitu zao zikiharibika, so kazi yake kubwa ilikuwa kuskiza vilio. Wasee wa besi walikuwa wanalia sana. Wakati huo besi ilikuwa ile ya kusimama nayo, ndefu kushinda mwenyewe, kuiingiza kwa gari ni shughuli, na drumu zikiwaka hakuna mtu anaiskia. Alafu haina freti, so kidole ikiteleza kidogo tu noti ishaenda kombo. Mwishoni mwa 1951 Leo akatoa besi ya umeme ya kuvaa begani, na freti zake, noti zinakam kamili. Ndio hio Precision.

Ya kwanza kabisa ilikuwa ubao tu, kona kali. 1954 wakaikata mbavu isidunge mtu. 1957 ndio ikapewa ile pikapu ya kukatwa na kichwa kubwa yenye tunajua leo. Zile nusu mbili zimefungwa kinyume moja kwa ingine, so ile ngurumo ya stima yenye inaingianga kwa nyaya inajiua yenyewe. Kwa haya makanisa yetu ya mabati, yenye nyaya zilifungwa na brathe mmoja wa kujitolea, hio ni baraka.

Kuna kitu utakutana nayo siku moja ikuchanganye: Precision iko na pikapu moja ndogo imenyooka, na kichwa nyembamba. Usiruke kusema ni kanyaga. Hio ni sampuli ya kabla ya 1957, Sting ameonekananga nayo miaka mingi. Fender wenyewe waliirudisha 1968 wakaiita Telecaster Bass, na hadi leo wanatoanga marudio yake. Ni P ya kizazi ya babu, na inalia tofauti, kavu kidogo.

P ya kawaida inalia aje? Nzito, imejaa katikati, haina maringo. Ukiipiga peke yako kwa keja unaeza ona imeboo. Ngoja iingie na drumu na kibodi, hapo ndio unashtuka kumbe hio ndio ilikuwa inashikilia nyumba. James Jamerson alipiga ngoma za Motown kule Detroit na Precision ya 1962, nyuzi laini zenye hakuwa anapenda kubadilisha, na kidole moja tu ya mkono wa kulia. Ka mathe yako ako na zile ngoma za zamani za Marekani kwa simu, ushaiskia hio besi mara mingi bila kujua. Iliibiwa 1983, siku chache tu kabla Jamerson mwenyewe afe.

Jazz ilikam 1960. Leo alikuwa anawinda wasee wa jazz, so akaipea shingo nyembamba yenye vidole zinatembea mbio. Kwa nati, kale kakipande nyuzi zinapitia kabla ziingie kwa kichwa, Jazz iko na kama milimita 38. Precision za kitambo zilikuwa na 44, za siku hizi nyingi ni 41 hivi. Unaeza sema hizo milimita ni kitu gani? Shika shingo mbili, moja baada ya ingine, macho ukiwa umefunga. Mkono inajua. Lakini usifanye hio kuwa ushahidi wa mwisho, juu kuna Precision zingine zinakamanga na shingo ya aina ya Jazz. Pikapu bado ndio mkubwa.

Wenye walikuja kuifanya Jazz iwe jina hawakuwa wa jazz pekee. Ukipanda nganya ya Eastlands na dere ameeka roots, ile besi ya Bob Marley inakutingisha kiti ni ya Aston "Family Man" Barrett, mwenye alituacha Februari 2024, na chombo yake ilikuwa Jazz Bass. Larry Graham alikuwa anapiga na mathe yake huko California, hawakuwa na drama, yaani msee wa drumu, so akaanza kugonga nyuzi na kidole gumba ndio kuwe na kitu inadunda kaa drumu. Hapo ndio kuslap ilizaliwa. Marcus Miller akaichukua mbali na Jazz yake ya 1977. Alafu kuna Jaco Pastorius, mwenye Jazz yake ya 1962 haikuwa na freti, anaipiga na ile pikapu ya nyuma mpaka besi inaimba kaa mtu.

Cheki venye hao wote wanalia tofauti na umbo ni moja. Hio ndio raha ya volumu mbili. Fungua ya mbele pekee, unapata unene. Fungua ya nyuma pekee, sauti inakuwa na pua, kali, kila noti inaskika. Fungua zote, katikati inapungua na juu inang'aa, ndio wasee wa kuslap wanaipenda hapo. Pia kuna Jazz za staili ya 60s na za 70s. Ukiona alama za mstatili kubwa kwa shingo badala ya vidoti, mara mingi hio ni staili ya 70s, na nyingi zake pikapu ya nyuma imesukumwa karibu zaidi na briji. Inauma kidogo zaidi. Kwa mtu anaanza hio tofauti isikukoseshe usingizi.

PJ ni ndoa ya hizo mbili, na mimi naona ndio besi ya mtu hajajua bado yeye ni nani. Iko na unene wa P, na ukitaka kaukali unafungua kale ka nyuma. Kuna wasee wa P kabisa wanaidharau, wanasema haiko huku haiko kule. Waache. Hao washajipata.

Mustang ni stori ingine. Ilitoka 1966, mwaka moja baada ya kampuni ya CBS kununua Fender kwa dola milioni 13, na ndio besi ya mwisho Leo alichora pale kabla aende zake. Ni fupi. Precision na Jazz ziko na urefu wa sentimita 86 kutoka nati hadi briji. Mustang iko na 76. Huhitaji kubishana na muuzaji kuhusu hii. Beba rula, pima kutoka nati hadi freti ya 12, pale vidoti viwili. Ukipata 43, hio ni ndefu. Ukipata 38, hio ni fupi, hata muuzaji aape na mathe yake. Nyuzi za besi fupi ni laini kwa vidole na freti zimekaribiana, so mtu wa mikono midogo anapumua. Kuna wasee wanasema ni ya watoi. Bill Wyman wa Rolling Stones na Tina Weymouth wa Talking Heads walizipiga na hawakuwa watoi. Squier pia wako na Bronco, fupi, pikapu moja, bei ya chini kabisa. Sauti yake ni ya kawaida tu, lakini kwa kujifunza scale kwa keja inatosha.

Hao wengine tupite mbio. Jaguar Bass imetoka na matoleo mingi hadi kukariri ni kupoteza wakati. Cheki pikapu zake, cheki urefu, umemaliza. Bass VI ya 1961 iko na nyuzi sita na iko karibu na gita yenye imeshushwa chini, kushinda venye iko karibu na besi. Usinunue ukidhani utaongoza kwaya nayo. Na ukiona herufi V mwisho wa jina, kaa Jazz Bass V, hio ni nyuzi tano, na ile ya tano ni B nzito ya chini. Wasee wa gospo Nairobi wanazitaka juu kibodi inashuka sana na wao wanataka kushuka nayo. Kitu ya kuchekesha ni kwamba 1965 Fender walitoa Bass V yenye waya wa tano ulikuwa wa juu, si wa chini, na freti zilikuwa 15 pekee. Hio haikudumu.

Haya, umbo tumemaliza. Tupande kichwa sasa, tuongee daraja, na hapa mfuko ndio unaongea.

Squier ilianza kaa kampuni ya nyuzi huko Michigan, Fender wakainunua 1965. 1982 wakaitoa hio jina kabatini. Wajapani walikuwa wanatengeneza kopi za Fender safi sana kwa bei ya chini, so Fender wakaamua badala ya kupigana nao watengenezee hapo hapo Japani, waziandike Squier. Zile za kwanza, siriali namba zinaanza na JV, leo wakusanyaji wanazitafuta kinoma. So ukiskia mtu anasema "hio ni Squier tu," mwambie apunguze.

Siku hizi Squier nyingi zinatoka Indonesia na Uchina. Ya chini ni Sonic, juu yake Affinity, alafu Classic Vibe. Affinity ni ya kuanza kweli na haina aibu. Classic Vibe, kwa maoni yangu, ndio mahali doh yako inafanya kazi mingi zaidi kwa hii ngazi yote. Ukiipata imetumika na iko sawa, ukiongeza nyuzi mpya na fundi akaiseti shingo, mtu kwa kiti ya kanisa hataskia tofauti na ya Mexico. Drama ataskia? Pia hataskia.

Juu ya hapo kichwa inaanza kusema Fender. Kiwanda ya Ensenada, Mexico, ndio inatoa Player, yenye ilikam 2018, na Player II ya 2024. Huko pia ndio Vintera zinatoka, zile za staili ya zamani. Kiwanda ya Corona, California, ndio inatoa zenye zimeandikwa American: Performer, Professional, Ultra. Japani pia bado wanatengeneza, na za huko ni safi. Custom Shop tuwaachie wenye nyumba zao.

Mtego mbaya uko kwa jina Standard. Kabla ya Player kukam, Fender Standard ilikuwa ya Mexico. American Standard ilikuwa ya Corona. Alafu 2025 Fender wakarudisha jina Standard, na safari hii zinatengenezwa Indonesia. So msee akikushow "ni Fender Standard," bado hajakushow kitu. Muulize mwaka. Akisita, omba siriali namba.

Siriali iko kwa kichwa, mbele ama nyuma, kwa gita za kutoka 1976 kukam. Ikianza na MX, ni Mexico, na namba mbili zinafuata ni mwaka: MX21 ni ya 2021. MZ ni Mexico ya miaka ya 2000, MN ni ya miaka ya 90. US na namba mbili ni Marekani kutoka 2010. Kabla ya hapo Z ilikuwa miaka ya 2000 na N miaka ya 90. JD ni Japani. ICS ni Squier ya Indonesia. Ukipata gita imeandikwa Fender American kwa kichwa na siriali inaanza na ICS, usipigane na mtu. Rudisha kwa blanketi ya chui, useme asante, hepa.

Lakini kuna mchezo wa juu kushinda huo. Shingo ya Fender kawaida inashikwa na skrubu nne tu. Leo alitaka ikiharibika fundi abadilishe chap chap. Hio inamaanisha shingo ya Corona inaeza panda bodi ya Indonesia saa yoyote, na siriali iko kwa shingo. Ni kaa nganya: bodi imechongwa na wasee wa jua kali, chini ni Isuzu, na karatasi inasoma kitu moja tu. Hizi za kuunganisha zingine ni tamu kushinda zote za kiwanda. Shida ni bei, juu shingo ya Marekani haiwezi kukufanya ulipe gita nzima ya Marekani. Cheki pale shingo inaingia kwa bodi. Ka kuna mwanya wa kuingiza kadi, ama rangi ya mbao imezeeka upande moja na upande mwingine inang'aa, uliza. Ka kuna mashimo ya skrubu ya zamani yamezibwa, uliza na sauti ya juu kidogo.

Na ujue pia si kila kitu iko na umbo ya Precision ni Fender ama feki ya Fender. 2009 huko Marekani Fender walijaribu kufanya umbo la gita zao za Stratocaster na Telecaster, na la besi ya Precision, liwe lao pekee kisheria, wakakataliwa. So kampuni yoyote inaeza chonga hio bodi na hakuna kesi. Kichwa ndio yao. Ndio maana unaona besi za kampuni zingine ni Precision kabisa hadi shingoni, alafu huko juu kichwa imepinda vingine. Zingine za hizo ni chombo safi, na muuzaji mwaminifu atakushow jina yake bila kuficha.

Ukishacheki pikapu, nobu, urefu, siriali na ile ndoa ya shingo, kuna kitu moja bado: kebo. Ingiza kwa ampu. Ka ni Jazz ya kawaida, fungua volumu zote mbili mwisho, skiza. Inafaa kunyamaza. Sasa punguza moja kidogo kidogo, ngurumo inafaa kuingia polepole. Ikiingia, pikapu ziko venye kiwanda iliziacha. Ikinguruma na zote zimefunguliwa, mtu alifungua ndani na akafunga nyaya vibaya, ama earth imekatika. Isiponguruma kabisa hata na moja imefungwa, kuna mtu alieka pikapu za aina ingine. Hio inaeza kuwa poa, ziko nzuri za bei, lakini anafaa kukushow kabla ya kutaja bei. Ka ni Precision, isingurume. Zungusha kila nobu mwisho hadi mwanzo. Ikikwaruza ni vumbi, fundi anasafisha na spirei. Ikikatika kabisa, teremsha bei.

Muuzaji akisema hana ampu ya kujaribia, mwambie mkutane kanisani Jumamosi mchana. Wasee wa praise watakuwa tizi, ampu itakuwa imewaka tayari, na drama ataboeka kungoja tu, so ataanza kupiga kabla hata hujauliza.